Afrika jamii moja, au majirani wanaochunguliana uani?

Mzee wa Kibaraza
Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila jazba. Tarehe 25 Mei 1963 viongozi wa nchi 32 walikutana Addis Ababa wakaunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na mwaka uliofuata, wakiwa Cairo, wakapitisha azimio lililoletwa na Mwalimu Nyerere kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru wake. Nkrumah wa Ghana alitaka serikali moja upesi. Mwalimu alitaka twende hatua kwa hatua, tuanzie kwenye kanda. Mimi siulizi habari ya serikali, kwa sababu serikali huunganishwa kwa kalamu. Nauliza kama mtu wa Dakar na mtu wa Mtwara wanaweza kuwa jamii moja, yaani mmoja akifiwa, mwingine aone kuwa msiba umeingia kwao. Nina shaka. Hata sisi wa Afrika Mashariki, tunaoelewana bila mkalimani, tulifika mahali pa kuchomeana vifaranga.

Mfugaji wa Kibaha
Shikamoo, mzee wangu. Hoja yako ni nzito, ila hilo la vifaranga umelirusha kama kokwa la embe nalo limenipata kichwani. Walikuwa vifaranga 6,400 kutoka Kenya, serikali yetu ya Tanzania ikawachoma mwaka 2017 pale Namanga mpakani, na sababu iliyotolewa ilikuwa hofu ya mafua ya ndege. Mimi nafuga kuku. Maradhi yakiingia bandani jioni, asubuhi unaokota mizoga kwa toroli, na aliyekukopesha hela ya chakula hakuulizi kama kifaranga aliyeleta ugonjwa alitoka kwa ndugu au kwa adui. Naomba sheria ya mifugo isigeuzwe kuwa kipimo cha undugu.

Mama Mboga wa Kitengela
Ndugu Mfugaji ameeleza vizuri kwa nini aliogopa, lakini hakueleza kwa nini wale vifaranga hawakurudishwa walikotoka. Tena amewaruka ng'ombe. Mwaka huohuo ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kimaasai kutoka Kenya walikamatwa upande wa Tanzania wakapigwa mnada, na hao hawakuwa na mafua ya ndege. Mmaasai hufuata malisho kama babu yake alivyoyafuata, kabla mpaka haujachorwa na kupindishwa ili Malkia wa Uingereza ampe mjukuu wake Mlima Kilimanjaro siku ya kuzaliwa.

Mwalimu Mstaafu
Hadithi ya zawadi ya siku ya kuzaliwa ni tamu, lakini ni hadithi. Mstari ule ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Endeleeni.

Mfugaji wa Kibaha
Ahsante, Mwalimu. Sasa dada yangu wa Kitengela atuambie kuhusu Machi 2021, Kenya ilipoyazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa maelezo kwamba yana sumukuvu. Miaka yote mliyasaga mkayala ugali, mara ghafla yakawa sumu, na siku chache baadaye yakaruhusiwa kwa masharti. Kumbe na nyinyi mna vifaranga vyenu, ila vyenu vinafungwa kwenye magunia.

Mama Mboga wa Kitengela
Mahindi hayakuchomwa.

Mtoto wa Bukavu
Mnabishana kana kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ni nyumba ya mume na mke, na sisi wengine ni wageni tuliokaa sebuleni tukisikiliza vyombo vikirushwa jikoni. Kongo iliingia mwaka 2022. Mwaka huohuo kikosi cha Jumuiya kilianza kuwasili Kivu, mashariki mwa nchi yetu, na Desemba 2023 kikaondoka. Januari 2025 waasi wa M23 wakaiteka Goma, na Februari wakaingia mjini kwetu. Mzee ameuliza kama msiba wa mmoja unaweza kuwa msiba wa mwingine. Mimi ninaye ndugu niliyemzika katika siku hizo, na nimesoma majibu yote humu kuanzia la kwanza, nikaona aya nne za kuku na mahindi. Basi jibu langu kwa Mzee ndilo hilo.

Mpenda Sanifu
Ndugu wa Bukavu, pole sana kwa yaliyokufika. Niruhusu pia nikupongeze, kwa maana Kiswahili chako kimenyooka kuliko nilivyotarajia. Nilidhani Wakongomani wengi husema «batu» badala ya «watu», na nafikiri hapo ndipo penye ufumbuzi wa swali la Mzee: tukisanifisha lugha, jamii itafuata yenyewe. Umoja wa Afrika ulikwisha kukipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022, na UNESCO imekipa tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani.

Mtoto wa Bukavu
Niliandika habari ya watu waliokufa, wewe ukasahihisha daftari. Ndiyo, nyumbani tunasema batu, na hao batu ndio waliozikwa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini kwetu; hatukukiazima Unguja ili tukirudishe kikiwa kimepigwa pasi. Ukitaka jamii ambayo mlango wake ni mtihani wa sarufi, nitabaki nje pamoja na mama yangu.

Mpenda Sanifu
Nilikusifu, ndugu. Sikukutukana.

Msafiri wa Masaka
Mpenda Sanifu, sifa ya namna hiyo tunaijua Uganda pia. Nikuambie jambo ambalo watu wa pwani hawapendi kulisikia. Mama yangu aliposikia Kiswahili usiku, alizima taa na kutuambia tulale chini, kwa sababu kwetu miaka ile Kiswahili kilikuwa sauti ya askari na ya mwizi mwenye bunduki. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Mimi nimejifunza na ninakiandika, kama mnavyoona, lakini mama hadi leo nikiongea na simu kwa Kiswahili hutoka chumbani. Lugha hiyohiyo kwa mmoja ni kibaraza, kwa mwingine ni kubisha hodi kwa kitako cha bunduki.

Mwalimu Mstaafu
Ushahidi wa kwamba lugha peke yake haitoshi ninao ndani ya nyumba. Baba yangu alikuwa fundi wa reli ya Afrika Mashariki mjini Nairobi. Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa 1967, ilipovunjika 1977, alirudi Tabora na sanduku moja la bati, shuka mbili, na spana yenye herufi za reli zilizochongwa kwenye mpini. Aliichukua bila ruhusa, nalo lilikuwa jambo pekee la wizi ambalo nilimsikia akilisimulia bila aibu. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, ukabaki umefungwa hadi 1983, na kwa miaka hiyo alikuwa akiandika barua kwa rafiki yake wa karakana bila kuzipeleka posta. Walikuwa wanaelewana kwa lugha moja. Walikuwa wanakula sahani moja. Kilichovunjika ni hesabu za ndege, reli na bandari, na ubishi wa nani anafaidi kuliko mwenziwe. Kwa hiyo, Mzee wa Kibaraza, mimi naona umeliuliza swali kinyume: jamii ilikuwapo pale karakana, na waliokosekana ni wakubwa wa kuitunza.

Mfugaji wa Kibaha
Mwalimu, kwa heshima zote, unawalaumu wakubwa mno. Julai 2025 serikali yetu ilipowazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogondogo, kama vile saluni na ukarabati wa simu, Kenya walilalamika, lakini mtaani kwangu watu walishangilia. Hawakushangilia wakubwa, alishangilia fundi simu wa kona, aliyechoka kushindana. Je, na yeye ni mkubwa?

Mama Mboga wa Kitengela
Huyo fundi simu mwambie bidhaa zake za Kariakoo zinatoka China.

Mzee wa Kibaraza
Naona mada imeniponyoka, na kosa ni langu niliyewataja vifaranga. Nilitaka kuzungumzia Itifaki ya Umoja wa Afrika ya watu kutembea huru, iliyopitishwa mwaka 2018, inayohitaji nchi 15 kuiridhia na ambayo nchi zilizoiridhia hazifiki hata nusu ya hizo, ilhali mkataba wa eneo huru la biashara, uliosainiwa Kigali mwaka huohuo, ulianza kutumika mwaka uliofuata. Maana yake tumekubali gunia livuke kabla ya mwenye gunia. Baada ya kumsoma Mwalimu na yule kijana wa Bukavu, labda nilipaswa kuuliza swali dogo zaidi: katika msiba, nani hasa anatakiwa kuvuka kwanza?

Mpenda Sanifu
Mzee, «kusainiwa» au «kutiwa saini»?

Mama Mboga wa Kitengela
Mtoto wa Bukavu, pole. Ujumbe wako wa kwanza niliupita mbio nikitafuta kama Mfugaji amenijibu. Kibanda cha tatu kutoka changu kuna mama wa Goma anayeuza vitenge. Huniazima mizani kila Jumamosi, na tangu ile Januari sijamwuliza hata mara moja kwao kuna nani.

Mfugaji, ng'ombe bado hujawajibu.