Kijana muoga kwa hadithi, kuna mtu atamsoma?

kalamu_ya_Amu

Asalaam aleikum wadau. Naomba mawazo yenu manake nimekwama. Mimi niko hapa Lamu, fomu foo nimemaliza na saa hii niko tu nyumbani nangojea mambo ya koleji yanyooke, sa kuna kikundi chetu cha vijana tunataka kuigiza kitu kidogo wakati wa Maulidi wageni wakiwa wengi, na mimi ndio nikapewa kazi ya kuandika.

Nimeandika habari ya kijana wa miaka 16. Babake kaumia mguu hawezi kwenda baharini, kwa hivyo huyu mtoto inabidi aingie chomboni na amiye, wanatoka Kizingitini kuja Amu, yaani Lamu mjini, na mzigo wa samaki, upepo wa kusi unavuma, bahari chafu, na kijana anaogopa. Anaogopa mwanzo mpaka mwisho. Tumbo linamkata, anajiuliza kama yeye ni mtoto wa mvuvi kweli ama walimwokota tu jaani, anawaza nikifika salama sipandi chombo tena hata nikipewa hela.

Nimewasomea wenzangu wakacheka weee, wanasema huyu steringi gani, yaani shujaa wa hadithi, steringi hafi na steringi haogopi. Wao wanataka ami aanguke majini halafu kijana aruke na kisu kwa meno amuokoe. Mimi hiyo siiamini lakini pia sina jibu la kuwapa. Ila nikisoma hadithi ya kijana ambaye hatishiki na chochote, namaliza nikijiona mimi ndio nina kasoro. Sa mnasemaje, nimbadilishe ama nimwache? Na kama namwacha nifanyeje watu wasilale?

---

steringi_wa_Langoni

Hahaha wenzako wamesema kweli bana. Mtu ametoka kwake usiku akae kwa mkeka aangalie mtoto akitapika saa nzima? Kutapika tunakuona Mokowe jeti kila siku bure. Watu wanataka shujaa. Kwani unadhani nyanya zetu wangetuhadithia Liyongo, yule shujaa wa tenzi za zamani, miaka yote hii kama angekuwa ni mtu wa kulia lia? Jitu kubwa, anapuliza panda, lile baragumu, linapasuka, mfalme wa Pate mwenyewe halali kwa ajili yake. Mpe huyo kijana wako kisu tuendelee na maisha.

---

Bi_Mkomani

Wee kijana wa Langoni hebu tuliza mashini. Hiyo hadithi ya Liyongo umeisikia nusu ukakimbilia nje kucheza.

Liyongo yuko gerezani, amefungwa minyororo, kifo chake kishapangwa. Mamake anampelekea chakula kila siku, na anayepeleka ni kijakazi, msichana, jina lake Saada. Kikifika mlangoni askari wanakula kizuri chote, Liyongo anaachiwa makombo. Basi akamtuma Saada kwa nyimbo, askari wanasikia wanadhani ni kuimba tu, kumbe anamwambia akamwambie mama apike mkate wa wishwa, yaani pumba, na ndani atie tupa ya kukatia chuma. Wishwa nyinyi watoto wa siku hizi mnaonea kwa kuku, askari aliyezoea wali wa nazi atakula hiyo?

Sa hebu simama hapo kidogo. Liyongo hapo kwake ni mamoja, atakufa hata asipofanya kitu. Lakini huyu msichana hajafungwa. Angeweza kunyamaza tu akaendelea na kazi zake na hakuna ambaye angejua. Badala yake amebeba chakula, ndani ya mkate kuna chuma, na lazima apite kwa wale wale askari ambao desturi yao ni kufunua na kuchagua kwa mikono. Akiubeba kama ni mzito watajua. Akitembea haraka kuliko jana watajua. Mmoja akiumega tu, basi. Wakaona ni wishwa wakaudharau, ukapita.

Halafu ndio ikaja ile ngoma ambayo wote mnaikumbuka, Liyongo ameomba achezewe ngoma ya gungu kabla ya kuuawa, watu wanapiga matari na vigoma nje na yeye ndani anakata minyororo kelele zinafunika tupa. Hapo kila mtu anashangilia. Saada kapewa beti chache na hakuna anayeuliza alilala vipi usiku ule akijua kesho ana nini cha kubeba.

Kwa hivyo mwanangu kalamu, usimbadilishe mtoto wako. Ila wenzako wana haki kwa jambo moja, kuogopa peke yake si kisa. Saada ana woga NA ana mkate. Mtoto wako anaogopa sawa, ameshika nini mkononi?

---

kalamu_ya_Amu

Ahsante sana bi mkubwa. Sikuwahi kuiangalia upande wa Saada wallahi. Kusema kweli ameshika ukingo wa mashua tu 😅

---

nahodha_mstaafu

Mimi si mtu wa vitabu mimi ni mtu wa chombo, nimeonyeshwa hii na mjukuu nikamwambia nipe simu niandike. Kwanza huyo wa kisu mdomoni mwambieni akajaribu kwanza kule nje ya Shela mwezi wa saba, halafu aje atueleze.

Mtoto mgeni hakai ameshika ukingo, hata siku moja. Hupewa upo, kata ya kutekea, akumbe maji yaliyoingia chomboni. Hiyo ndiyo kazi yake, na si adhabu, chombo cha mbao kikifanya kazi kwenye mawimbi lazima kivuje, na mengine huingia juu. Sasa tazama huyo mtoto siku ya kwanza. Yuwakumba maji kwa mikono miwili, macho hayako kwenye maji yako kwenye wimbi linalokuja, ateka kidogo, amwaga upande wa joshi, utokako upepo, upepo wamrudishia yote usoni, chumvi machoni, ami yake akamkemea DEMANI, MWAGA DEMANI, ndio upande upepo uendako, na yeye woga ushamla hata hakumbuki demani ni wapi. Huyo nimemuona mara nyingi. Mimi mwenyewe nilikuwa huyo.

Na baadaye, sijui niseme saa ngapi, ila huja wakati mtoto ateka, amwaga, ateka, amwaga, kwa mpigo mmoja na chombo. Bado yuwaogopa, ukimtazama midomo imemkauka. Lakini maji ndani yapungua. Hapo ami hamsifu, ami yuko na usukani wake, ila haachi kumkemea bure, aacha kwa sababu hakuna la kukemea. Hilo liandike.

Waoga sina neno nao. Aliyenisumbua ni mwenye kujifanya, huyo ndiye asimama kutazama wakati tunabisha, twageuza chombo dhidi ya upepo, foromali, ule mti wa tanga, lahamishwa na yeye ameinua kichwa. Nimeona mtu amevunjwa meno hivyo.

---

dada_wa_Malindi

Nyie watu wa Lamu kila kitu ni bahari tu 😂 Nimependa lakini niongeze ya huku kwetu, manake kuna vijana hatari yao haina mawimbi na haionekani na mtu wa nje.

Huku Malindi kinachotumalizia vijana ni unga, yaani heroini, na nyinyi pia hapo Lamu mnao msijifiche. Nimekaa na hawa vijana kwa shughuli zetu za mtaani, wengine nimesoma nao. Hakuna hata mmoja aliyeniambia alianza kwa sababu ni mtu mbaya ama alikuwa na genge. Ni rafiki. Ni mtu mliyekuwa mnacheza mpira pamoja ufuoni, skuli imekukataa, kazi ya watalii ni ya msimu na ukiisha mnakaa tu, basi anakwambia vuta kidogo uache mawazo.

Sa hospitali yetu kuna methadoni, dawa ya kumsaidia mtu aache unga. Mtu wa nje anadhani ukishaandikishwa basi umepona. Kumbe unaenda kila siku. Kila siku, Idi ama Krismasi. Unapewa dawa kwa kikombe kidogo, unakunywa mbele ya aliyekupa, halafu unaongea kidogo naye aone kweli umemeza hukuficha mdomoni. Kijana wa miaka ishirini na kitu, ana ndevu, anaambiwa hebu ongea. Nimemuona mmoja anasema "ahsante dada" kila asubuhi kwa sauti ya juu kuliko inavyohitajika, nikamuuliza akanambia nikishukuru mwenyewe siambiwi nifungue mdomo kama mtoto.

Halafu akitoka hapo ndio safari yenyewe, manake njia ya kurudi kwao inapita pale pale wanapokaa wale wa zamani, na ndio hao marafiki alionao duniani, nyumbani bado wanaficha simu akiingia. Huyo akichagua njia ndefu ya kuzunguka juani mimi kwangu ni steringi, na anaichagua kwa sababu ANAOGOPA. Anajijua. Siku atakayojiona hatishiki na kitu ndio siku atapita pale.

Kwa hivyo kalamu mwache aogope. Na usimpe mbaya mmoja wa kumshinda mwishoni, maisha hayana kawaida ya kutuletea mbaya mmoja amesimama peke yake tumpige.

---

steringi_wa_Langoni

Haya mmenizunguka wote watatu 😂 Dada hiyo ya ahsante imenigusa sikatai, nina binamu yangu yuko kwa hali hiyo hiyo. Lakini bado nina swali na sijibiwi. Mnasema woga ni sawa, ni kuzuri. Mbona basi woga pia ndio unatuharibia? Mimi niliogopa kuulizia mambo ya chuo hapa kwetu nikiona mi na D yangu ya fomu foo nani ataniangalia, miaka ikaenda. Huo nao mnausifu?

---

ticha_wa_bara_pwani

Nilikuwa napita tu lakini swali la steringi ni la maana kuliko mnavyodhani, na jibu liko kwa Liyongo huyo huyo, sehemu ambayo Bi Mkomani hakufika.

Aliyemuua Liyongo ni nani? Mtoto wake mwenyewe. Kijana. Mfalme alimwita akamkirimu, akamuahidi kumuoza bintiye, akamtuma aulize babake nini kinachoweza kumuua. Baba akamwambia, sindano ya shaba kitovuni. Na alijua mwanawe ametumwa! Kijana akarudi na sindano, akangoja babake alale.

Mimi nikisomesha hapa wanafunzi huwa wanamtukana huyu mtoto tu, basi. Nawaambia hebu mwangalieni. Baba yake anapasua mapanda, yeye ni nani? Kila anapoenda anaitwa mtoto wa Liyongo. Siku ya kwanza mtu mkubwa amemkalisha kitako akamwambia wewe nawe ni mtu, nitakupa mke, ilikuwa ni ya mfalme, na ilikuwa na bei. Wasiwasi wa kujiona si kitu, ukikutana na mtu mwenye ahadi nzuri, unauzika. Na alichoahidiwa hakukipata. Liyongo akafa amepiga goti na upinde wake mkononi karibu na kisima, watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai.

Kwa hivyo steringi, Saada anaogopa askari lakini hana shaka na anayembebea mkate. Yule mtoto anaogopa kuwa si kitu, na huo ndio aliouchezea mfalme. Wako wa chuo ni wa pili huo. Na miaka haijaenda kokote, vyuo vya ufundi vinachukua hata D, nenda kaulize wiki hii, chukua risalti slipu yako na kitambulisho.

---

steringi_wa_Langoni

Sawa ticha. Nimekusikia.

---

kalamu_ya_Amu

Jamani mmenipa kazi. Nimeandika upya usiku kucha. Sa kijana ana upo mkononi, na nimemuongezea sauti ya mchumba wa dadake ambaye amemuahidi kazi nzuri mjini akiachana na bahari, hiyo nimeiba kwa ticha. Nimeweka hadithi mwaka 2014 baada ya mashambulizi ya Mpeketoni tulipowekewa kafyu, hakuna kutoka usiku, manake mimi nilikuwa mdogo na nakumbuka baba alivyokuwa anaangalia jua. Wanakimbizana na magharibi, wanaingia Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, siku ya bamvua maji yametoka kabisa, chombo kinaruka mawimbi, kijana anakumba…

---

nahodha_mstaafu

Ngoja ngoja. Mkanda maji yametoka? Na chombo charuka mawimbi? Mwanangu, Mkanda maji yakitoka hakuna kuruka, hakuna mawimbi, kuna matope na mikoko. Mashua yenye mzigo haipiti, mwakaa hapo mpaka yajae, upende usipende.

---

kalamu_ya_Amu

Kwa hivyo dhoruba yangu yote imekufa??

---

nahodha_mstaafu

Dhoruba iweke kabla, huko wazi. Mkanda wakwame. Jua lashuka, kafyu yaja, samaki wataka barafu, doria ikipita haijui nyinyi ni kina nani, na ami mwenyewe hana la kufanya ila kungoja. Upo hauna kazi tena. Hapo ndipo utamuona mtoto.

---

Bi_Mkomani

Na huyo ami naye mruhusu aogope kidogo. Nahodha mstaafu hebu tuambie ukweli, wewe umewahi kukwama hapo usiku wa kafyu?

---

nahodha_mstaafu

Mjukuu anataka simu yake.