Viungo vya unga, pakiti ya gramu 50: kikombe, mzani au mashine?

BintiMuheza
Assalaam alaykum wakuu. Nasaga na kufungasha viungo hapa Ngamiani, Tanga: mdalasini, pilipili manga, tangawizi, karafuu na mchanganyiko wa pilau. Mzigo mwingi natoa Muheza na Amani. Pakiti yangu imeandikwa gramu 50. Nachota kwa kijiko, na nikizipima tena nakuta hii 46, ile 55. Aliyepata ya 46 nimemdhulumu, na ile ya 55 inanila mimi.

Njia nilizonazo ni tatu: nibaki na kuchota ila niboreshe, nipime kila pakiti kwenye mzani wa dijitali, au ninunue mashine ya kujazia. Ipi haiyumbi? Na naomba anayejua anieleze kwa nini kijiko kinadanganya, maana mkono ni mmoja na kijiko ni kimoja.

MzeeWaMgandini
Wa alaykum salaam binti yangu. Kijiko hakipimi uzito, kinapima nafasi. Unga una hewa ndani yake, na hewa hiyo haikai sawa. Uliotoka kinuni sasa hivi umevimba. Ukilala usiku mmoja kwenye ndoo unajishindilia wenyewe, kwa hiyo kikombe kilekile kesho yake kitabeba gramu nyingi zaidi. Ukichota juu ya ndoo unapata mwepesi, ukichota chini unapata mzito. Ukigonga kijiko kwenye ukingo, umeshindilia tena.

Kama utabaki na kuchota, kijiko kiache. Tafuta kikombe cha chuma kisichoshika kutu, chembamba na kirefu kiasi. Mdomo mpana ndio unaoleta makosa, kwa sababu ukikosea kidogo tu kusawazisha juu, eneo ni kubwa na gramu zinakuwa nyingi. Lakini kisiwe chembamba kupita kiasi, unga utakwama na kuacha shimo ndani.

Kisha mwendo uwe mmoja siku zote. Koroga unga kwanza, uchekeche kama una madonge, jaza kikombe mpaka kifurike bila kukigonga, halafu pitisha rula ya chuma mara moja juu ya ukingo. Sisi tuliokua tukiona nafaka ikipimwa kwa kibaba na pishi tunajua kwamba mfuto wa mtu huyu si mfuto wa yule. Basi mchotaji awe mmoja kwa mzigo mzima, msipokezane.

Jambo la mwisho, ndoo isishuke chini ya nusu kabla hujaongeza. Unga ukiwa mwingi unaukandamiza ule wa chini, ukipungua unalegea.

Raskazone_1
Mashine dada, maliza kazi.

FundiVipimo
Mkuu hapo juu, taratibu. Mashine nyingi za kujazia unga zina parafujo ndani ya faneli. Inazunguka idadi fulani ya mizunguko na kusukuma unga chini, kwa hiyo nayo inapima nafasi vilevile. Kiwango cha unga kwenye faneli kikipanda na kushuka, uzito nao unapanda na kushuka. Ni nzuri kwa anayefunga kiungo kimoja kutwa nzima. BintiMuheza ana viungo vitano, kila akibadili lazima aifungue na kuiosha, la sivyo tangawizi ya mteja itanuka karafuu. Na zile za vikombe vinavyozunguka zinapenda vitu vinavyotiririka, kama mchele, sukari au pilipili manga nzima. Unga laini wa mdalasini unagoma.

Mzani ndio unaosema kweli, ila nao una masharti. Wa jikoni unaoonyesha gramu moja moja ukisoma 50, ndani inaweza kuwa 49.6 au 50.4. Kwa pakiti ya gramu 50 chukua wa gramu 0.1. Uweke juu ya meza imara, siyo ya plastiki inayobonyea. Zima feni, upepo unasukuma sahani. Washa uache dakika kadhaa utulie kabla hujaanza. Weka mfuko mtupu, rudisha sifuri, ndipo ujaze, kwa sababu uzito unaoandikwa ni wa kilichomo, mfuko haumo.

Kuujaribu nyumbani ni rahisi: nunua duka la dawa bomba la sindano la mililita 20, vuta maji safi mpaka alama, mwaga kwenye chombo ulichokirudisha sifuri. Ikisoma mbali na gramu 20, usiuamini.

Na hili ni la sheria: mzani wa biashara unatakiwa kuhakikiwa na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo. Uliza ofisini kwao kabla ya kununua, si kila mzani unaouzwa dukani unakubalika kwa biashara.

BintiMuheza
Shukrani sana, hasa hilo la unga kulala. Kumbe ndiyo maana mzigo wa jana na wa leo haulingani! Shida yangu na mzani ni muda. Pakiti 200, kila moja nikiongeza na kupunguza, jioni inafika.

Mwambao
Usichague moja, changanya. Wapiga shabaha wa Marekani wanaojaza risasi wenyewe wana shida hiihii. Wanapima baruti kwa greni, na gramu 1 ni greni 15.4 hivi, kwa hiyo tofauti ndogo kwao ni kubwa. Wengi hutega kichoteo kitoe pungufu kidogo, wanamwaga kwenye sahani ya mzani, halafu wanamalizia kwa kudondosha chembe chembe mpaka namba itimie. Kuongeza ni haraka kuliko kupunguza.

Wewe tafuta kikombe kinachobeba kama gramu 48, umalizie kwa kijiko cha chai. Kikizidi, fundi akupunguzie ukingo kwa tupa. Ila kila kiungo na kikombe chake, mdalasini na pilipili manga havibebi uzito sawa kwa nafasi ileile.

FundiVipimo
Naunga mkono. Na piga hesabu: kilo 10 zinatoa pakiti 200 za gramu 50. Wastani ukiwa 53, unapata 188 tu. Usipime kumi kwa pamoja ukagawanya ukaridhika, wastani unaweza kuwa mzuri huku moja ina 46. Pima moja moja.

Raskazone_1
Hiyo ya 188 imenishtua. Nafuta neno.

BintiMuheza
Basi nachukua ya Mwambao. Naanza na tangawizi. Swali moja, masika ikianza unga wangu unashika madonge hata kwenye ndoo yenye mfuniko. Hapo kikombe kitafaa?

MzeeWaMgandini
Hewa ya pwani hiyo, unga unakunywa unyevu, na unyevu wenyewe una uzito. Kausha vizuri kabla ya kusaga, saga kidogo kidogo, na ufunge siku hiyohiyo. Mchanganyiko wa pilau usiutikise kwenye ndoo, chembe nene na laini zinatengana. Koroga kwa mwiko kila baada ya pakiti chache. Karafuu iwe ya mwisho, ina mafuta na inaganda kwenye chuma. Ukimaliza osha kikombe kwa sabuni na ukianike juani mpaka kikauke kabisa ndipo uchotee tena.