Anavuta sigara, jino linacheza, lakini fizi hazitoki damu. Nimjibu vipi?

Mhudumu_Kario: Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Kariobangi, Nairobi. Nikizunguka nyumba kwa nyumba nakuta kina mama tu, kwa hivyo siku hizi napitia stegi ya boda na kwa mafundi wa Light Industries. Nikisema sigara inaharibu mapafu wananimalizia sentensi. Nikitaja meno wanatega sikio, maana kunuka mdomo ni aibu. Sasa kuna mzee mmoja, meno ya chini yanacheza hata mahindi ya kuchoma anayapukuchua kwa kidole, ananiambia fizi zake hazijawahi kutoa damu, kwa hivyo ni mzima. Mwingine aliacha fegi, akaanza kuona damu kwenye mswaki, akairudia. Stegi nzima sasa inaamini sigara hukaza fizi!

AfisaMeno: Dada, anza na huyo wa pili. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, ndiyo maana fizi za mvutaji huweza kukaa kavu huku mfupa unaoshika jino unaliwa chini kwa chini. Akiacha, damu inaanza kupita tena na ugonjwa uliojificha unajitokeza. Mwambie hivyo kabla hajaacha, akiiona asishtuke. Usimwahidi mzee kwamba mfupa utarudi, haurudi wenyewe. Yaliyobaki ndiyo ya kuokoa, na matibabu ya fizi humshika vizuri zaidi aliyeacha. Ugaga, ule uchafu wa kwenye meno, ukishaganda mswaki hauutoi, lazima asafishwe kliniki.

Welda254: Mabango achana nayo. Beba kioo kidogo, kila mtu ajisukume meno kwa ulimi ajionee. Nenda saa nne hivi, wateja wamepungua. Mimi nilipoacha, kilichonisumbua ni kibanda cha sigara kando ya kazi. Sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja, lakini nani hajui zinauzwa? Nilibadilisha njia ya kwenda kula.

Baba_Shiru: Na hivi vipakiti vya nikotini vya kubana chini ya mdomo? Vijana wetu wanasema havina moshi, havina shida.

AfisaMeno: Moshi hakuna, nikotini ipo, na uraibu ni ule ule. Fizi pale kinapokaa hukereka, hata ikarudi nyuma. Anayetaka kuacha apige 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure. @Mhudumu_Kario, huyo mzee amepimwa sukari? Kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana, na meno kulegea huweza kuwa dalili.

Mhudumu_Kario: Hajapimwa, na sikuwa nimelifikiria hilo. Mashine ninayo kwenye mkoba, strip za kupimia damu ndizo zimeisha. Kesho napita zahanati kuulizia, kisha nimtafute kabla hajaingia kazini. Kioo nitanunua.

Welda254: Nunua viwili. Cha kwanza watakushikia wajinyolee.