Tupeane uzoefu: DAC ya nyumbani ilikubadilishia nini hasa?

Sikio Moja:
Wakuu salaam, poleni na majukumu. Nina DAC mbili mezani na zimenivuruga akili. Moja ni yangu, ndogo tu, ya chipu ya ESS (kampuni ya chipu za DAC), huu mwaka wa tatu ninayo. Nyingine nimeazimwa na rafiki. Ni ya R2R, zile zinazogeuza namba kwa ngazi ya rezista nyingi badala ya chipu ya kawaida, nzito kama tofali. Wiki nzima nimekuwa nikizibadilisha kwenye amplifaya ileile na spika zilezile. Siku ya kwanza R2R ilinikalisha chini: sauti imejaa, mwimbaji kama yuko kochi la pembeni. Siku ya nne, sifa bado zinanitoka mdomoni, nikachungulia nyuma ya amplifaya nikakuta waya niliziweka kinyume. Saa nzima nilikuwa namsifia mgeni, kumbe anayeimba ni wa nyumbani.

Kwa wanaopita tu: DAC ndiyo inayogeuza namba za muziki wa dijitali kuwa umeme ambao amplifaya inaweza kuukuza. Kila simu, TV na kompyuta ina yake ndani. Hapa tunaongelea zile za nje, zinazokaa kati ya chanzo na amplifaya.

Naomba visa vyenu wenyewe, si mlivyosoma. Ulikuwa na nini, ukaweka nini, na ulijuaje kwamba kilichobadilika ni DAC na si kitu kingine?

FundiSolda:
Kabla hatujafika mbali mkuu, ulipima volti?

Nauliza kwa sababu nyoka huyo amenigonga mara tatu. Nilinunua DAC tatu kwa kufuatana, kila mpya ikiizidi ya zamani, na kila mara nilikuwa na maneno: jukwaa limepanuka, besi imeshika ardhi. Siku moja nikachukua multimita. DAC ya kwanza ilikuwa inatoa volti 1.9, ya tatu volti 2.4. Ukipiga hesabu ni desibeli 2 za tofauti, yaani sauti iko juu kidogo tu. Hicho ndicho nilichokuwa nakinunua.

Kiwango kilichozoeleka kwenye tundu za RCA (zile za duara, nyekundu na nyeupe) ni volti 2, na XLR (za pini tatu) mara nyingi ni 4, yaani desibeli 6 zaidi. Lakini kila mtengenezaji huongeza chumvi kidogo. Ubaya ni kwamba tofauti ikiwa ndogo, sikio halikwambii "hii iko juu". Linakwambia "hii ina uhai". Kwa hiyo usilinganishe chochote kabla hujazisawazisha mpaka tofauti ibaki kama desibeli 0.1. Cheza toni ya hezi 100 hadi 400 (multimita za bei nafuu hudanganya toni ikipanda sana), pima zote mbili, ile inayozidi ishushe. Ukipimia kwenye vishikizo vya spika angalia ncha zako zisigusane, utaua amplifaya halafu uje kunilaumu mimi.

Mzee wa Kaseti:
Nimeweka kiti. Mimi ni wa mashine za CD tangu zamani. Vijana hamjui kwamba CD ilipotoka mwaka 1982 Philips walikuwa na chipu ya biti 14 tu, TDA1540, wakati CD yenyewe ni ya biti 16. Walichofanya ni kuzidisha sampuli (vipimo vya sauti kwa sekunde) mara nne na kuisukuma kelele juu, kusikosikika, wakapata usafi unaokaribia biti 16. Akili mtu wangu.

Mashine yangu ina ile iliyofuata, TDA1541. Haijawahi kunidai chochote zaidi ya mkanda wa droo. Mwaka juzi kijana wangu akaniletea DAC ya kisasa, nikaiunga kwa koaksia (kebo ya shaba ya dijitali) kutoka tundu la dijitali nyuma ya mashine. Nikasikiliza mwezi mzima. Nadhani ya kisasa ni safi kidogo nyimbo zinapofifia mwishoni. Nadhani. Mama watoto anasema yote ni kelele ileile. Sasa hivi DAC hiyo ipo kwenye kompyuta ya kijana na mimi niko na droo yangu.

Bundi wa Usiku:
Kisa changu kina kelele za kweli. Nilikuwa nachomeka kompyuta mpakato kwenye amplifaya kupitia tundu la hedifoni. Ukisogeza kipanya unasikia kri-kri kwenye spika. Ukichomeka chaja unakuja mngurumo mzito, mmmmm, hautoki. Kila mtu akaniambia nunua DAC ya nje.

Nikanunua, nikaunga kwa USB. Kri-kri ikapungua, mngurumo uko palepale! Nilikaribia kulia. Nikabadilisha kebo ya USB, nikanunua yenye sumaku, nikanunua nyingine nene kama nyoka. Wapi.

Kumbe waya wa ardhi wa chaja ulikuwa unapita kwenye kompyuta, unaingia USB, unatoka kwenye RCA hadi kwenye amplifaya, ambayo nayo ina ardhi yake ukutani. Mzunguko umekamilika, na umeme wa ukutani wa hezi 50 unaimba humo (kwa wenye hezi 60 wimbo ni uleule, noti tu ndiyo tofauti). Njia ya kuujua ni rahisi: chomoa chaja, kompyuta ibaki kwenye betri. Mngurumo ukikatika, mwizi umemshika.

Dawa yangu ilikuwa kikasha kidogo cha kutoa USB na kuingiza mwanga, halafu kebo ya optiki hadi kwenye DAC. Ndani ya optiki hakuna shaba, ni mwanga tu, kwa hiyo ardhi haina pa kupita. Kimya kabisa. Nikajaribu kuweka DAC nyingine ya hali ya chini kwa njia hiyohiyo ya optiki. Kimya vilevile. Mtanisamehe, lakini mimi kilichoniponya ni kebo.

Tulia Twende:
Mimi niliunganisha TV na DAC kwa optiki. Nikapata sauti ya mchanga unamwagwa kwenye bati. Siku mbili namtukana muuzaji kimoyomoyo. Kumbe TV ilikuwa inatoa Dolby Digital (sauti iliyobanwa ya sinema) na DAC yangu inaelewa PCM tu, namba za sauti zisizobanwa. Setingi, sauti, PCM, mambo yakaisha. Siku mbili!

Twita Iliyoungua:
Jina langu linajieleza ila nitasema.

Nilisoma kwamba kila kifaa unachoondoa kwenye njia kinaongeza usafi. Nikaondoa priamplifaya, kile kifaa chenye kitasa cha sauti kabla ya amplifaya ya nguvu. DAC moja kwa moja kwenye amplifaya ya nguvu, sauti naiongoza kwenye kompyuta. Kweli, ilikuwa tamu, kwa miezi minne. Usiku mmoja kompyuta ikajiapdeti, ikawaka upya, na setingi ya sauti ikarudi asilimia 100. Asubuhi nabofya wimbo, nikasikia kitu ambacho sitaki kukielezea, kisha kaharufu. Twita zote mbili, vile vispika vidogo vya sauti za juu. Majirani walitoka nje.

Amplifaya ya nguvu ikipokea volti 2 kamili inakaribia mwisho wa uwezo wake. Weka kitasa halisi cha mkono katikati, hata kama ni kile cha kawaida kabisa. Mimi nimeweka, na usafi ulioondoka sijauona ulikokwenda.

Mtu wa Ngazi:
Nimesoma nimenyamaza, sasa naomba nitetee R2R maana naona inazikwa hai.

Nina moja, ninaisikiliza katika hali ya NOS, yaani bila kuzidisha sampuli na bila kichujio cha dijitali. Sidai kwamba ni sahihi zaidi. Najua kabisa NOS kwa faili za kilohezi 44.1 inashusha sauti za juu: ukifika kilohezi 20 umeshapoteza desibeli 3 na ushee, na kwenye kilohezi 10 kama robo tatu ya desibeli. Kwa hiyo anayesema anasikia ulaini haoti ndoto, ulaini upo na unapimika. Rekodi nyingi ninazozipenda zimekandamizwa mpaka zinachoma sikio, na huyu mnyama anazipoza. Mbona mtu akiongeza trebo kwenye amplifaya hakuna anayemwita mjinga?

FundiSolda:
@Mtu wa Ngazi hapo tumekubaliana kuliko unavyodhani. Ukisema "napenda ilivyo laini" sina neno. Ninayemkataa ni anayesema R2R ina taarifa zaidi. Ngazi ya biti 16 ina hatua 65,536. Ili rezista ya biti kubwa isiharibu hatua ndogo kabisa, inatakiwa iwe sahihi kwa karibu asilimia 0.0015. Rezista za asilimia 0.01 ambazo zinasifiwa kwenye maboksi bado ziko mbali na hapo. Ndiyo maana chipu za delta-sigma, kama hizo za ESS, zilishinda: hazitegemei rezista elfu kufanana, zinategemea saa ya haraka na hesabu.

Mtu wa Ngazi:
Hesabu haijawahi kunifanya nizime taa nisikilize albamu nzima. Tuendelee kuheshimiana.

Kikebo:
Mimi sina DAC ya maana, natumia kile kikebo kidogo cha Apple cha USB-C, kimeingia kwenye amplifaya na maisha yanaendelea. Angalizo: kwenye simu yangu ya Android sauti yake ilikuwa chini sana, nikadhani ni kibovu. Kwenye kompyuta kikatoa karibu volti 1 bila shida. Tatizo ni jinsi Android inavyokipangia sauti.

Nusu Boksi:
Nina DAC yenye taa maalumu ya MQA (mfumo wa kubana faili za muziki), nililipia zaidi kwa ajili ya hiyo taa. Tidal, huduma ya muziki mtandaoni, wameiondoa MQA mwaka 2024 wakahamia FLAC, mfumo mwingine wa kubana muziki. Taa imezimika moja kwa moja. Ila niwape kisa kingine cha maana zaidi.

Oktoba 2020 kiwanda cha chipu cha AKM kule Nobeoka, Japani, kiliungua moto. Watengenezaji wengi wa DAC waliokuwa wanategemea chipu hizo wakakwama, baadhi wakahamia ESS na kuendelea kuuza modeli ileile kwa toleo jipya. Mimi nilikuwa na toleo la zamani la AKM sebuleni, nikaja kupata toleo jipya la ESS kwa ajili ya chumbani. Watu wanaandika aya ndefu kwamba AKM ni velveti na ESS ni wembe. Nikaziweka pamoja, nikazisawazisha. Mke wangu akawa anabadilisha, mimi nimeelekea ukutani. Sikuambua kitu. Kilichonishangaza ni kwamba niliposogeza kiti changu hatua moja kutoka ukutani, besi ilibadilika kuliko miaka yangu yote ya kubadilisha DAC. Tangu hapo pesa yangu inakwenda kwenye mapazia na zulia.

Sikio Moja:
Wakuu nimerudi na majibu, asanteni kwa nondo.

Nilipima kama FundiSolda alivyoelekeza. Yangu ndogo volti 2.1, R2R volti 2.6. Karibu desibeli 1.9. Kochi la pembeni limeshapata maelezo. R2R ina kitasa chake cha sauti, nikaishusha mpaka mita ikasoma sawa.

Chanzo ni mashine moja ya CD, optiki imeingia hii, koaksia imeingia ile, zote zinacheza kwa pamoja. Mdogo wangu akashika rimoti ya amplifaya, anarusha sarafu ndiyo achague, mimi nimefunga macho kwa kitambaa. Raundi 16. Nikapata 9. Ukibahatisha tu unategemea 8, na inabidi ufike 12 ndipo uanze kujidai.

Nikataka kufunga hoja, nikakumbuka maneno ya Mtu wa Ngazi. Nikaangalia nyuma ya R2R: kuna swichi ya NOS, na wiki nzima ilikuwa imezimwa. Nikaiwasha, nikapima tena, tukarudia kwa wimbo wenye matoazi mengi. 13 kati ya 16. Matoazi yanarudi nyuma kidogo, kama mtu amefunga mlango wa jikoni. Kwa hiyo tofauti ipo, na nimeisikia kwa macho yaliyofungwa.

Mdogo wangu naye akataka kujaribu. Ana miaka 17, akapata 16 kati ya 16 na akaniuliza kwa nini hii nyingine imeharibika.

Mtu wa Ngazi:
Haijaharibika. Mwambie asubiri afike umri wangu.

Mzee wa Kaseti:
Huyo kijana mfiche, nitamkodi.

Twita Iliyoungua:
Sasa rafiki yako mwenye R2R umemwambiaje?

Sikio Moja:
Jana kaja kuichukua, akaniuliza nimeionaje. Nikamwambia ni nzito sana.