Bronco au Scout II, ipi ya kuweka?

Asalaam alaykum wajuzi, nataka gari kongwe ya Kimarekani ya kuweka hapa Bububu, Ford Bronco ile ya mwanzo 1966-1977 au International Scout II, nambieni.

— Sheikh chukua Bronco, mbele ina springi za koili (za mviringo), Scout springi zake vyuma bapa mbele na nyuma, barabara za shamba utatikiswa mpaka ulie 😂 na Bronco hata bodi mpya zinatengenezwa Marekani mpaka leo

— Bei yake je? Scout II rahisi kuliko Bronco, tena ndefu zaidi. Ila waliacha kuiunda 1980

— Kutu jamani! Scout khaswa, na huku chumvi ya bahari ndo usiseme, lala chini uiangalie sakafu na vizingiti vya milango, ikilainika kidoleni kimbia