Msaada: Seti ya kibodi na mausi za bila waya, ipi inafaa kwa matumizi ya kila siku?

Mkazi_wa_Goba
Habari za saa hizi wakuu. Nataka kununua kibodi na mausi za bila waya, zile zinazouzwa pamoja kwenye boksi moja, nitumie kila siku nyumbani. Nimepita maduka ya Kariakoo na Posta nimeonyeshwa Logitech MK270, HP 230, na nyingine za majina ambayo sijawahi kuyasikia lakini bei yake ni kama nusu ya hizo mbili. Kuna muuzaji ananishawishi nichukue ya kuchaji ili nisinunue betri. Mwenye uzoefu anisaidie, nichukue ipi? Nawasilisha.

Fundi_Sinza
Mkuu, hapo bado hujatupa kitu. Laptopu au desktopu? Ina matundu mangapi ya USB? Bajeti shingapi? Unafanyia kazi gani? Maana kuna mtu kila siku yake ni kuangalia muvi akiwa kitandani na mwingine kila siku yake ni kuandika ripoti mpaka usiku wa manane, hao wawili hawawezi kununua kitu kimoja. Rudi na majibu tukusaidie.

BintiMbeya
Chukua MK270 ukalale. Ofisini kwetu zipo na mimi mwenyewe ninayo nyumbani. Kibodi inakula betri mbili ndogo AAA, mausi inakula moja AA, zile za saa ya ukutani, na kirisiva kimoja tu, kile kidude kidogo cha kuchomeka kwenye USB, kinabeba vyote viwili. Kampuni wanasema kibodi inafika miezi 24 na mausi miezi 12, sijawahi kupima lakini ukweli nasahau hata lini nilibadilisha mara ya mwisho. Ina namba za pembeni, ina batani za sauti, hakuna cha kuinstoo, unachomeka unaandika.

Waya_Daima
Mimi nitawapinga. Mtu amesema nyumbani, mezani, sasa bila waya ya nini? MK120 ya waya inauzwa bei ndogo, haina betri, haina risiva ya kupotea, haikati mawasiliano, na mtoto akiitupa chini unaokota unaendelea. Watu wananunua bila waya kwa sababu ya muonekano tu halafu wanakuja humu kulalamika.

BintiMbeya
Kaka, yeye ameuliza za bila waya. Ungefungua uzi wako wa waya.

Waya_Daima
Dada, kumshauri mtu ni pamoja na kumwambia kama anachouliza hakihitaji. Sijamtukana mtu.

Mkazi_wa_Goba
Samahanini wakuu, ngoja nijazie. Ni laptopu ya HP ya mtumba ilitoka Uingereza, ina USB mbili tu na moja muda wote ina hadidiski ya nje. Nafanya hesabu za Excel za watu wa biashara ndogo ndogo, kwa hiyo naingiza namba sana, na nafanya usiku kwa sababu mchana niko kazini. Laptopu nimeiinua juu ya stendi, ndiyo maana nahitaji kibodi ya pembeni. Bajeti isizidi elfu 80. Na kuna mtoto mchanga chumba hichohicho.

Fundi_Sinza
Sasa hapo umesema. Kwanza futa kibodi zote fupi zisizo na namba za pembeni, mtu asije kukuambia K380, ile ni nzuri sana kwa anayetembea na tableti na simu maana inaunganisha vifaa vitatu kwa Bluetooth, lakini kwa mtu wa Excel ni mateso. Pili, mtoto mchanga. MK270 batani zake zina sauti, na kubofya kwa mausi usiku kunasikika chumba kizima. Tafuta MK295, ni ndugu yake huyohuyo ila imetengenezwa kwa ajili ya ukimya, kibodi na mausi vyote. Umbo ni karibu lilelile na namba za pembeni zipo. Kama utaipata ndani ya bajeti usifikirie mara mbili.

Tatu, na hili wengi hawalijui, hiyo hadidiski yako. Kama ni USB 3.0 na kirisiva ukakichomeka jirani yake, mausi itaanza kurukaruka na kibodi itameza herufi. Si kwamba ni mbovu. USB 3.0 ikiwa inafanya kazi inatoa kelele za redio kwenye masafa yaleyale ya 2.4 GHz ambayo risiva inatumia, Intel wenyewe waliandika ripoti kuhusu hilo mwaka 2012. Dawa yake ni kuhamishia kirisiva upande wa pili wa laptopu au kutumia kipande cha waya wa kurefushia USB ukisogeze karibu na kibodi. Watu wengi wamerudisha seti nzima dukani kumbe tatizo ni jirani.

Steshenari_Moro
Nimesoma hapo kwenye "majina ambayo sijawahi kuyasikia" nikaona nisipite kimya, naomba mnivumilie ni ndefu. Mimi nina steshenari, tunachapa barua, CV, fomu za maombi ya kazi, watu wanakaa kwenye foleni. Nilinunua seti za bei nafuu za aina moja kwa kompyuta zote za dukani, boksi linang'aa, picha ya kibodi ina mwanga wa rangirangi, muuzaji ananiambia hii ni sawasawa na za majina makubwa ni kiwanda kimoja. Wiki za kwanza safi kabisa. Baadaye herufi A ikaanza kufutika, na sisi Kiswahili chetu kila neno lina A, ikafuata N, ikafuata I, maana maandishi yake ni stika tu yamebandikwa juu, ukikwaruza kwa ukucha yanatoka. Hilo nikavumilia maana wachapaji wangu hawaangalii chini. Kisha kibodi zikaanza kurudia herufi, mteja anataka "Mwanaisha" inatoka "Mwaanaisshaa", mchapaji anafuta anaandika tena, foleni inazidi, mteja mmoja akaondoka na barua yenye jina lililokosewa akarudi kesho yake akiwaka, na alikuwa na haki.

Mwisho risiva moja ikafa. Nikaenda dukani niuziwe risiva peke yake, hakuna, hizo seti risiva yake inaoana na hiyohiyo seti tu tangu kiwandani, ikifa au ikipotea kibodi na mausi vyote vinageuka plastiki. Nikaomba basi wanibadilishie, muuzaji akanionyesha kibao ukutani "Mali ikishauzwa hairudishwi". Risiti aliyonipa ilikuwa ya kuandika kwa mkono. Nikarudi kwenye za waya kwa kompyuta za wateja, na yangu mwenyewe ya mezani nikachukua Logitech. Kwa hiyo mkuu wa Goba, hiyo nusu bei utailipa tu mbele ya safari.

Waya_Daima
Mmeona sasa? Hata yeye amerudi kwenye waya.

Mpemba_wa_Darajani
Pole sana ndugu yangu wa Morogoro, hicho kibao nakijua. Lakini tusiseme kila rahisi ni mbovu, mimi ninayo ya jina lisilojulikana hapa Unguja inadunda vizuri tu. Langu ni jengine, angalieni mpangilio wa herufi. Vitu vingi hupitia Dubai na kibodi huja na herufi za Kiarabu pembeni, kwangu mimi ni neema lakini wengine huwasumbua macho. Halafu laptopu yake ya Uingereza, ukibonyeza Shift na 2 hupata alama za kunukuu, ile @ iko kule karibu na Enter. Kibodi nyingi za dukani ni za mpangilio wa Marekani, @ iko juu ya 2. Asipobadilisha kwenye Windows ataandika imeili zake kombo aje aseme kibodi mbovu.

Mkazi_wa_Goba
Aisee hilo la @ sikulijua kabisa. Na lile la hadidiski, ni USB 3.0 kweli, tundu lina rangi ya bluu. Vipi ya kuchaji?

Thika_Moja
Wakubwa wa Bongo, salamu kutoka Thika. Mimi natumia ya kuchaji nilinunua pale Luthuli Avenue, Nairobi, na sirudi kwa mawe ya betri tena. Unachaji usiku, unasahau mwezi mzima. Mawe ya dukani siku hizi ni ghali na mengine yanamwaga maji ndani ya kifaa. Mtu anisaidie kuelewa mbona mnapenda AA hivyo.

Fundi_Sinza
Jirani, sababu ni hii. Betri ya ndani ikichoka baada ya miaka, kuifungua kibodi na kupata inayolingana ni kazi, wengi wanatupa. AA ikiisha unatoka nje dukani kwa Mangi unanunua. Umeme ukikatika wakati betri imekwisha uko salama vilevile. Halafu waliotengeneza mausi ya Apple waliweka tundu la chaji chini ya tumbo, ukiichaji huwezi kuitumia. Kama mtu hataki kununua betri kila mara achukue betri za AA na AAA za kuchaji pamoja na chaja yake, ni volti 1.2 badala ya 1.5 lakini vifaa hivi vingi vinafanya kazi nazo bila shida. Kumwaga maji ni kweli, hasa zile za bei ya chini kabisa zikiachwa ndani muda mrefu, kwa hiyo kama unasafiri zitoe.

Thika_Moja
Sawa, ya volti nimekubali. Ya Mangi bado, yangu nachaji hata kwa pawabenki stima ikipotea.

Askari_wa_Mtandao
Hakuna aliyegusa usalama. Jamaa anashika hesabu za watu. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya usalama ya Bastille walitoa udhaifu waliouita MouseJack, mtu akiwa na kifaa cha redio mita mpaka 100 kutoka kwako anaweza kuingiza maandishi kwenye kompyuta yako kupitia risiva ya mausi, na kampuni kubwa zilikuwemo. Mwaka huohuo wakatoa KeySniffer, kibodi za bei rahisi zilikuwa zinarusha herufi hewani wazi bila kuficha, nywila na kila kitu. Logitech walitoa marekebisho, na 2021 wakaleta Logi Bolt, aina mpya ya risiva yenye usalama zaidi, ila iko kwenye seti za bei ya juu. Kwa bajeti yake, asinunue isiyo na jina, basi.

BintiMbeya
Nani atakaa nje ya dirisha Goba usiku na antena kusoma Excel ya muuza nafaka?

Askari_wa_Mtandao
Dada, kwenye Excel hiyo kuna akaunti za benki za watu. Mimi nimesema kinachojulikana, uamuzi ni wake.

Kaka_Ngamiani
Nimekuta mtu anauza Microsoft Wireless Desktop 850 bei poa sana, mnaionaje?

Fundi_Sinza
Ilikuwa nzuri, lakini Microsoft walitangaza 2023 kuacha kutengeneza vifaa vya jina lao, jina la Surface ndilo likabaki. Hiyo unayoikuta ni stoku ya zamani, hakikisha boksi halijafunguliwa na uijaribu palepale.

Steshenari_Moro
Na ukinunua chochote dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la bidhaa, waranti bila risiti ni maneno. Feki zipo, Tume ya Ushindani hukamata mizigo ya bidhaa bandia. Fungua boksi mbele ya muuzaji, fungua mfuniko wa betri wa mausi uone kirisiva kimo, weka betri, andika mstari mzima kwenye kompyuta yake. Mwenye mali nzuri hakatai.

Mkazi_wa_Goba
Nashukuruni sana wakuu wote. Nimebaki na MK295 na MK270. Nitaanza kuulizia ya ukimya, nikiona bei imepanda sana basi nitachukua hiyo nyingine nihamishie meza sebuleni. Ya waya nayo bado naifikiria, sitaki kusema uongo, maana waya mrefu hausumbui mtu akiwa amekaa sehemu moja.

Waya_Daima
Karibu nyumbani.

Kaka_Ngamiani
Samahani kuingilia uzi wa mtu. Mausi yangu nikibofya mara moja inabofya mbili, faili linafunguka lenyewe. Niitupe?

Fundi_Sinza
Usitupe. Kuna kiswichi kidogo chini ya batani ya kushoto, kibati chake cha ndani kikichoka au kikishika uchafu kinaruka. Toa betri kwanza. Skrubu mara nyingi imejificha chini ya stika ya tumbo au chini ya vile viguu laini. Fungua, dondosha tone la spiriti pembeni ya hicho kiswichi, kibofye bofye kwa kidole, acha ikauke kabisa ndiyo urudishe betri. Ikirudia, fundi wa simu anabadilisha kiswichi kwa dakika chache.

Kaka_Ngamiani
Spiriti hii ya famasi ya kusafishia vidonda?

Fundi_Sinza
Hiyohiyo. Tone moja tu, usimwage.