Nimeleta PS5 bandani, madogo wanapanga foleni kwenye PS3. Wakuu, nielewesheni

Mwenye Banda (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nina banda la gemu Kihonda, Morogoro, tangu 2012. Nilianza na mashine mbili za PlayStation 2, yaani PS2, na TV za chogo. Leo nina PS3 mbili, PS4 moja, na tangu mwezi wa nne nina PS5. Hiyo PS5 ndiyo iliyonileta hapa. Nimeichukua kwa shemeji yangu aliyekuwa anarudi kutoka Muscat, milioni moja na laki sita. Ilikuwa zamu yangu ya kupokea mchezo kwenye kikundi chetu, kwa hiyo hela ya mchezo imeishia kwenye michezo, na mke wangu hajalisahau hilo. Nikaongeza TV ya inchi 43, nikapaka ukuta rangi upande ule. Nikasema sasa jirani yangu mwenye banda la pili atanikoma.

Jumamosi iliyopita nimehesabu kwenye daftari. PS3 ya mlangoni, ile ambayo pedi yake moja nimeifunga mpira wa manati: mechi 61. PS5: mechi 9. Na katika hizo 9, nne nilicheza mimi na mwanangu ili watu wavutike.

Kabla hamjasema bei, kwa wiki mbili nzima niliweka bei sawa, mechi shilingi 300 popote. Kabla hamjasema joto, feni iko upande wa PS5. Wanakuja kukaa chini ya feni, wanageuza viti, wanatazama PS3!

Na kwenye PS3 wanacheza nini? PES 2013, gemu la mpira la mwaka 2012. Kuna dogo mmoja hapo gemu lenyewe limemzidi umri. Anachagua Arsenal, ambayo humo inaitwa North London kwa sababu Konami, wenye gemu hilo, hawakuwa na kibali cha jina, halafu anapiga pasi na Arteta kiungo. Huyo huyo kila wikiendi anabishana barazani kuhusu Arteta kocha.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba mambo ya gemu dunia nzima hayaeleweki, siyo bandani kwangu tu. PS2 ilipoingia Marekani mwaka 2000 ilikuwa dola 299, ikashuka ikashuka, 2009 ikafika dola 99. Ndiyo maana na sisi wa huku tuliweza kuigusa. PS5 ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499. Agosti 2025, karibu miaka mitano baadaye, Sony, wenye mashine hizi, wakaipandisha kule Marekani hadi 549. Kitu kinazeeka kinapanda bei, kama kiwanja cha Dodoma?

Hao hao Sony walitoa gemu linaitwa Concord tarehe 23 Agosti 2024. Tarehe 6 Septemba wakalizima na kurudisha watu hela zao. Wiki mbili! Mwaka huo huo mtu mmoja wa Kanada, hata jina lake halisi hatumii, katengeneza gemu la karata linaitwa Balatro, likauza nakala milioni na zaidi.

Sasa hawa wenye gemu wanajua wachezaji wanataka nini, au wanabahatisha kama mimi na rangi yangu ya ukuta? Nawasilisha.

Kichwa Ngumu

Mkuu, pole. Kwani hiyo PS5 inakula umeme kiasi gani? Usijekuta tunajadili wachezaji wakati aliyekubwaga ni Luku.

Mwenye Banda

Karibu wati 200 ikikolea. PS3 zangu ni zile nyembamba, hazifiki nusu ya hapo. Lakini Luku ni kilio changu mimi, dogo wa darasa la sita hailipi.

Fundi Pedi

Mtoa mada, mimi natengeneza pedi, natembelea mabanda kumi na kitu hapa Dar, Mbagala na Tandika. Nikuulize: kwenye PS5 umeweka gemu gani la mpira? Kama ni lile la kampuni ya EA, fanya hivi. Kesho mwite dogo mmoja mkali wa PES, mwambie acheze PS5, wewe simama nyuma yake. Usitazame TV. Tazama kidole gumba cha kulia.

Kwenye PES shuti ni batani ya mraba, krosi ni ya duara. Kwenye hili la EA, ukiliacha lilivyokuja, shuti ni duara na krosi ni mraba. Vimepishana. Dogo anapiga chenga mbili safi, anabaki na kipa peke yake, anakandamiza mraba kama alivyozoea tangu azaliwe. Mpira unapaa kwenda kwa mpiga kibendera. Wenzake wanacheka banda zima. Unafikiri atatoa 300 nyingine kwenda kuchekwa?

Nafungua pedi kila siku, mkuu. Pedi ya banda la PES utaijua, raba ya chini ya mraba imeisha kabisa na ya duara bado ina uhai. Ingia kwenye mpangilio wa pedi, kuna chaguo linaitwa Alternate. Linabadilisha hizo batani mbili. Dakika moja, bure. Halafu njoo useme.

Mwenye Banda

Miezi hiyo yote nahesabu mechi kwenye daftari, sijawahi kutazama kidole cha mtu. Nafanya kesho asubuhi.

Binti wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Hata kwetu ni hivyohivyo, PES 2013 haifi. Ndugu zangu wamekulia hapo, na mimi pia, ingawa vijana wa pale maskani hawapendi kusema ni nani aliyekuwa akiwafunga.

Kuna sababu nyingine. Ile 2013 ndiyo ya mwisho kwenye PS3 kwa injini ya zamani, yaani programu inayouendesha mchezo. PES 2014 walibadilisha injini na mchezo ukawa mzito, wachezaji wanageuka kama lori la mchanga. Watu wakaionja wakairudisha. Tena hiyo 2014 hata kwenye PS4 haikutoka. Kwa hivyo wenye mabanda wakabaki na 2013, na sisi tukabaki nayo, hata mafundi wakawa wanaipiga viraka, jezi mpya na usajili mpya. Tafuta kiraka cha jezi mpya uone kama hizo 61 hazitafika 80.

Baadaye Konami wakaitupa hata jina la PES, wakaiita eFootball, bure, Septemba 2021. Mnakumbuka zile sura? Wachezaji wanatabasamu kama wamechomwa sindano. Watu walicheka dunia nzima hadi Konami wakaomba radhi. Lakini leo nikipanda feri asubuhi, vijana wameinama kwenye simu, ni eFootball hiyohiyo. Imekufa kwenye TV ikafufukia mfukoni. Hilo ndilo linalonishangaza mimi.

Msaka Kasoro

Wakuu, nipo Malmö, Uswidi, mwaka wa sita sasa. Kazi yangu ni kutafuta makosa ya gemu kabla halijatoka. Usidhani ni starehe. Jana kutwa nzima nimekimbiza mhusika wangu kwenye ukuta mmoja, kila pembe, nione kama atapenya. Alipenya mara moja, saa tisa alasiri, tukashangilia kama bao.

Bei kwanza. Zamani chipu ya mashine ilikuwa inapunguzwa ukubwa kila baada ya miaka michache, kwa hiyo kwenye sahani moja ya silikoni unapata chipu nyingi zaidi na kila moja inakuwa rahisi. PS2 ilifika mahali chipu zake mbili kubwa zikaunganishwa kuwa moja. Siku hizi kupunguza chipu ni ghali kiasi kwamba nafuu yote inaliwa na mtengenezaji wa chipu. Ongeza ushuru wa Marekani wa 2025. Kiwanja chako cha Dodoma hicho.

Kuhusu kubahatisha: ndiyo, wanabahatisha, ila kwa hela ndefu. Juni 2023, kwenye kesi ya Microsoft kutaka kuinunua kampuni ya gemu ya Activision, Sony walipeleka nyaraka mahakamani. Gharama walizifuta kwa kalamu nene nyeusi, ya mkono. Karatasi zilipopitishwa kwenye skana, tarakimu zikaonekana chini ya wino. The Last of Us Part II, dola milioni 220. Horizon Forbidden West, milioni 212, watu kama 300 kwa miaka mitano. Kampuni yenye hela za kufanya hivyo, ikakosa kalamu inayofuta.

Sasa ukishatia milioni 200 huwezi kusema unalenga madogo wa Kihonda tu, lazima umvutie kila mtu. Na kila mtu tayari ana gemu lake. Fortnite ni la 2017, Minecraft la 2011, Roblox 2006, GTA V la 2013 na limepita nakala milioni 200. Hizo ndizo zinazokula saa za watu. Concord waliiuza dola 40 kwenye uwanja ambao wenzao wanaingiza watu bure, na wachezaji walishakuwa na timu zao kule. Mtu hahami peke yake akawaacha wenzake wanane kwenye gemu la zamani, hata ukimpa picha nzuri namna gani. Sisi huku tunakaa wiki nzima kwenye kivuli cha jani. Nimewahi kuripoti kasoro ya kivuli cha jani, na ikarekebishwa!

Huyo wa Balatro hakuwa na mtu wa kumwambia lazima avutie kila mtu. Na kwa gharama yake, hata angeuza nakala elfu chache, asingefunga ofisi.

Kichwa Ngumu

Kivuli cha jani. Na mimi simu yangu inaganda kwenye karata.

Mwenye Banda

Wakuu, nimerudi na daftari.

Nilibadilisha batani Jumatatu. Kabla ya hapo nilifanya alivyosema Fundi, nikasimama nyuma ya dogo yule wa North London. Kweli. Kidole kinaenda mraba kabla hata jicho halijaona goli. Alikosa tatu, akaweka pedi chini taratibu kama mtu anayerudisha kikombe cha wenyewe.

Jumamosi hii PS5 imepiga mechi 24. Nashukuru sana, Fundi, ukipita Morogoro soda ipo. Lakini PS3 imepiga 58, kwa hiyo hawakuhama, wamekuja wengine. Ni vijana wa chuo wanaopanga mtaa wa nyuma. Wale wa zamani wamekaa palepale.

Nimegundua kitu kingine nikiwa nimesimama. Kwenye PS5 bao likiingia, gemu linaonyesha marudio, mchezaji anashangilia, mashabiki wanaruka, linarudia tena kwa pembe nyingine. Kwenye PS3 dogo anakandamiza batani, yote yanaruka, mpira uko kati. Kwao anayefungwa anatoka, na nyuma kuna watano wanangoja zamu. Ukichelewesha mpira kwa kushangilia, hao watano wanakupigia kelele. Nikawaambia hata PS5 unaweza kurusha marudio. Wakasema, "Sasa baba, tukiyarusha hayo, si tunabaki na PES?"

Dada wa Likoni, kiraka cha jezi nimekiweka. Hawajakipenda. Mmoja aliuliza Arteta ameenda wapi.

Juzi jioni dogo wa North London akabaki mwenyewe, wenzake wameitwa kula. Akaisogelea PS5, akaigusa juu, akaniuliza, "Baba, hii si ndiyo kubwa kuliko zote?" Nikamwambia ndiyo. "Basi tuwekee PES 2013 humu, picha itatoka kali." Nikamweleza kwamba PS5 inasoma CD za PS4 tu kurudi nyuma, CD ya PS3 haiitambui kabisa. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa gari halina gia ya nyuma.

Msaka Kasoro, hilo nalo liripoti huko kwenu.